Kuogelea usiku kriki ya Kilifi: mwanga wanao, saa hawana

“Hii ni kriki, si bahari. Maji hayaendi popote.” Hilo ndilo jibu nililopewa mapokezini kwa wanaopeleka wageni kriki ya Kilifi, ule mkono wa bahari ulioingia bara, nilipouliza maji yanapwa (yanashuka) saa ngapi, na kijana wa watu hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. Nyuma yake pametundikwa bango: MAJI 28°C MWAKA MZIMA, SALAMA SAA ZOTE. Ningegeuka pale pale. Sikugeuka, kwa hiyo sehemu ya hasira hii naibeba mwenyewe.

Huduma ni ile ya kupelekwa kwa boti usiku kuogelea kwenye maji yanayowaka. Kuhusu mwanga hawakusema uongo. Vijidudu vinavyoyawasha havionekani kwa macho, lakini ukivitikisa vinang'aa, na kila unapopiga mkono unaacha mchirizi wa buluu. Ili uone vizuri unataka giza, basi wao huchagua giza la mwezi na kuondoka saa moja na nusu usiku, ili wageni wawahi chakula. Hapo ndipo walipoharibu.

Aliyekulia Pwani anaijua hesabu hii. Giza la mwezi, mwezi 28 mpaka mwezi 2 au 3 kwa hesabu ya mwandamo, ni bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu. Wakati wa bamvua maji kwetu hujaa saa kumi au kumi na moja jioni, yakapwa saa nne au tano usiku, na kina hushuka zaidi ya mita tatu. Hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa mshuko wote mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Yaani nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati. Kama yalijaa saa kumi na nusu, saa hizo mbili ni kuanzia kumi na mbili na nusu mpaka mbili na nusu usiku. Na wao wanatia watu majini saa moja na nusu. Hata ungekusudia kukosea usingelenga vizuri hivyo.

Halafu itazameni kriki yenyewe. Ndani kuna Bahari ya Wali, pana kweli, na njia ya kutokea ni mlango mwembamba. Maji yote yale yanapita hapo. Mwogeleaji wa kawaida huenda kama kilomita mbili kwa saa. Mkondo wa noti moja, kipimo cha mwendo baharini, ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Ukiupinga, unapiga mikono mpaka bega linauma na mkoko ulio kando yako haujasogea. Gizani hata mkoko huuoni. Unachoona ni taa za daraja zikikua, na daraja liko upande wa mlangoni. Zamani za feri, kabla daraja halijafunguliwa 1991, asingepatikana mtu wa kazi ya maji Kilifi wa kukwambia kwamba maji hayaendi popote.

Ukijikuta humo usishindane nayo. Kata maji kuelekea ukingoni, mshazari, na ukubali kutokea mbali na ulikoingilia. Sisi hatukuambiwa hivyo kabla ya kuingia. Tuliambiwa baadaye, kwa kelele.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba dawa yake ni rahisi na haigharimu shilingi. Waache giza la mwezi, wachukue mwezi 19, 20 au 21. Mwezi mpevu umeshapita, kwa hiyo huchelewa kuchomoza. Mwezi 20 huupati mpaka kama saa nne na nusu usiku. Giza unalo. Bamvua limekwisha, yanaingia maji mafu yasiyo na nguvu, tofauti ya kujaa na kupwa imepungua sana, na kujaa kwenyewe kunaangukia karibu saa mbili usiku. Maji yamejaa, yametulia, ni safi kidogo kwa sababu yametoka nje, na matope yamefunikwa. Wangeruka dakika arobaini kabla ya maji kusimama na kutoka dakika ishirini baadaye. Na chakula bado wangewahi!

Sasa hilo bango la 28. Ukijumlisha mwaka na kuugawanya, ndiyo, utapata 27 au 28. Lakini mgeni anaingia majini siku moja, haingii mwaka mzima. Mwisho wa kaskazi, Machi na Aprili, maji hufika 29 na kupita, na kule ndani kwenye kina kifupi jua la mchana huyafanya kama chai iliyosahaulika. Kusi likikolea, Julai mpaka Septemba, yanashuka hadi 25 au 26. Tulikwenda katikati ya kusi; kipimajoto nilichokifunga kamba na kukishusha mita moja kilisoma 25 na nusu. Kwa dakika ishirini si kitu. Kwa saa nzima, mtoto mwembamba, kisha kukaa kwenye boti na nguo mbichi kwenye upepo, meno yanagongana. Walitakiwa kusema: leteni taulo mbili, mwenye nguo ya mpira ya milimita 2 aivae. Wakati wa masika ndiyo usiniulize. Mvua kubwa ikinyesha mito inashusha tope na taka za bara, na hapo ngoja siku tatu kavu.

Mengine ni madogo, ila yanaumiza. Viatu vya maji hawana, na miamba imejaa chaza wanaokata kama wembe. Penye mchanga buruta miguu, usinyanyue, ili taa akusikie akimbie (taa samaki, ile nyingine hawakuwa nayo hata kwenye boya). Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, nusu saa au zaidi. Msimu wa kaskazi kuna konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha: ukiguswa, suuza kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga wala kumwagia maji ya bomba.

Msiende, basi. Au... ule mwanga, jamani. Mtu akigeuka chali majini anajiona amelazwa juu ya nyota, na kwa hilo peke yake ningelipa tena. Nendeni, ila mtazame mwezi kwanza, na mdai kuingia na yule mzee wa kasia, si wa injini. Mkondo ulipotubeba, yeye ndiye aliyetukusanya mmoja mmoja bila kupaza sauti.

Niliporudi mapokezini kudai pesa, kijana alisema, “Mbona wazungu hawalalamiki?” Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu. Naacha mbili, zote za mzee wa kasia. Wao wabaki na bango lao.