Biti za ngazi kwenye akriliki, uzoefu wangu baada ya kupasua vibao 5

Nianze na hasara maana ndiyo iliyonifanya nikanunua hizi biti. Mwezi wa saba nilipata oda ya vibao 12 vya milango ya ofisi, akriliki nyeupe ya milimita 3, ile ambayo mafundi wengi hapa wanaiita tu kioo cha plastiki, kila kibao kina matundu 4 ya zile pini za kromu zinazokishika mbali kidogo na ukuta. Piga hesabu, matundu 48. Mi nina stationery ndogo hapa Chang'ombe, Dodoma, nachapa, nalamineti, nakata stika, na tangu serikali ihamie huku na ule mji wa serikali pale Mtumba uanze kujaa majengo, vibao ndio vimekuwa vinanilisha kuliko hata fotokopi. Kwa hiyo oda ya vibao 12 niliipokea kwa mikono miwili.

Nikachukua drili yangu ya betri, nikaweka biti ya kawaida ya kutobolea chuma namba 10, mpya kabisa kali inakata hadi kidole, nikasema kali ndio nzuri si ndio. Tundu la kwanza safi. La pili safi. La tatu nasikia "tik", kasauti kadogo tu kama mtu amevunja njiti ya kiberiti, naangalia naona ufa umetoka kwenye tundu umekimbia mpaka ukingoni mwembamba kama unywele. Nikajipa moyo ni bahati mbaya, nikaendelea, maana ukiwa na deni la mteja akili inakuwa haifanyi kazi vizuri. Mpaka najiambia basi inatosha, vibao 5 vimeshakufa, na kibaya zaidi nilikuwa nimeshabandika stika za majina kabla ya kutoboa. Toboa kwanza, bandika baadaye, hii nimeilipia.

Jioni hiyo nikaagiza biti za ngazi kwa muuzaji wa Kariakoo, set ya tatu, nikatumiwa kwa basi nikazifuata stendi Nanenane kesho yake. Elfu 28 set nzima, na ya kusafirishia juu yake elfu 5. Kwa asiyezijua, biti ya ngazi ina umbo la koni, kama kamti ka Krismasi ka chuma, kila ngazi inapanua tundu kidogo kidogo. Za kwangu ya kwanza inaanzia milimita 4 mpaka 12, ya pili 4 mpaka 20, ya tatu 4 mpaka 32, zote zinapanda milimita 2 kila ngazi. Zina rangi ya dhahabu inayowaka, kwenye boksi wameandika titanium kwa maandishi makubwa, ila msidanganyike, titani ni ule mpako wa juu tu, ndani ni HSS ya kawaida, kile chuma kigumu cha kutengenezea biti. Kwa plastiki inatosha kabisa, mi silalamiki, nalalamika hayo maandishi. Mguu wake ni wa pembe sita kwa hiyo hautelezi kwenye drili, hilo nimelipenda.

Kabla sijazitumia nilipita Majengo kwa mzee mmoja fundi wa vioo na fremu, mgogo wa siku nyingi, nikamwambia Mbukwa, salamu ya kwao, tukasalimiana, nikamwonyesha kibao kilichopasuka. Akakigeuza nyuma akaangalia, hakuangalia mbele kabisa. Akaniambia, "Hapa ulikuwa unatoboa kijana au ulikuwa unachimba kisima?" Nikamwambia natoboa mzee. "Basi mbona ulisukuma?" Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukitazama, ule ufa haukuanzia juu biti inapoingia, ulianzia chini inapotokea. Upande wa juu tundu lilikuwa zuri, upande wa chini pamemeguka vipande kama sahani iliyogongwa.

Akanieleza hivi, na mi naeleza kwa maneno yangu. Biti ya kawaida ya chuma ukiitazama mdomo wake una ndoano, umetengenezwa ung'ate chuma na kujivuta ndani, na ile mifereji yake iliyojizungusha inafanya kazi kama skrubu. Kwenye chuma sawa. Kwenye akriliki ncha ikishatokea upande wa pili, ile sehemu nyembamba iliyobaki inashindwa kuizuia, biti inajivuta yenyewe kwa nguvu, inanyanyua kibao juu, na akriliki haijui kupinda, inajua kupasuka tu. Ukisukuma ndio umeisaidia kupasua. Biti ya ngazi haina hiyo mifereji ya kujizungusha, ina mfereji ulionyooka, kwa hiyo inakwangua tu haijivuti. Hapo ndipo nikaelewa pesa yangu imeenda wapi.

Sasa matumizi. Kwa akriliki ya milimita 3 na ya 5 hizi biti ni nzuri sana, sina maneno mengi. Vibao 5 nilivyorudia pamoja na vile 7 vilivyokuwa vimebaki nimetoboa vyote hakuna hata kimoja kilichopasuka, na mpaka leo ni miezi minne natumia hiyohiyo ndogo ya 4 mpaka 12, nimeshapita matundu zaidi ya 300 na nimepasua mawili tu, yote mawili kwa ujinga wangu ntausema. Ninavyofanya ni hivi, naacha ile nailoni ya kulindia haitoki mpaka mwisho, naweka kibao juu ya kipande cha MDF, ule ubao wa unga wa mbao, kilicho flat kabisa, nakibana kwa klempu mbili ili kisiweze kunyanyuka hata kidogo, drili naiweka gea namba 1, ile alama ya nyundo nahakikisha haijawashwa, halafu naacha uzito wa drili yenyewe ushuke. Ngazi moja, natoa, napuliza vumbi, ngazi ya pili, natoa. Ile MDF ya chini ndiyo siri kubwa maana biti ikitokea inakuta mbao, haikuti hewa. Nilishawahi kuweka kibao katikati ya matofali mawili ili biti isiguse meza, hilo ni mojawapo ya yale matundu mawili.

Kitu cha kuangalia ni taka zinazotoka. Kama zinatoka nyuzi ndefu laini zinajikunja kama maganda ya penseli, uko sawa. Kama zinatoka unga mkavu mweupe, unazungusha tu hukati, ongeza uzito kidogo. Kama zimeanza kugandana kwenye biti kama bazoka na kuna harufu kali inayokaba koo, simama hapohapo, umeyeyusha. Akriliki inaanza kulainika kwenye nyuzi 100 na kitu tu, na msuguano wa drili unafika huko haraka sana, halafu ikipoa inaishikilia biti na ukiwasha tena, tik. Kwa vile vya milimita 5 mi nachovya kidole kwenye maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo nadondosha matone mawili matatu kwenye tundu. Maji yanapooza, sabuni inatelezesha. Msiweke oili ya gari, inachafua na stika haitashika.

Kingine cha huku kwetu, asubuhi za mwezi wa saba Dodoma kuna baridi ile ya upepo, na akriliki iliyolala dukani usiku kucha inakuwa kavu kama biskuti. Nimejionea mwenyewe, ilipasuka kirahisi asubuhi kuliko mchana. Siku hizi nikiwa na haraka asubuhi naitoa nje juani nusu saa kabla ya kuigusa. Halafu vumbi, jamani vumbi la hapa, ukibandua ile nailoni akriliki inakuwa na umeme ule wa kuvuta nywele, inavuta kila chembe ya mchanga iliyopo Chang'ombe, ukifuta kwa kitambaa kikavu umeikwangua. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Na hapa niseme lile tundu la pili maana sio la kupasua hasa. Nilimaliza kibao kizuri, nikataka king'ae, nikachukua spiriti nikafuta pembezoni mwa matundu kuondoa alama za peni. Kikawa safi kweli. Baada ya kufunga pini nimekaa kama saa mbili hivi narudi naona kila tundu limezungukwa na vijufa vidogo vidogo vya kumetameta, kama utando wa buibui, ukikiweka kwenye mwanga ndio unauona vizuri. Nikadhani biti. Sio biti, ni spiriti. Akriliki ambayo imeshatobolewa na kubanwa ina mkazo ndani yake, ukiigusisha spiriti, thina au petroli pale penye mkazo inaanza kuchanika yenyewe taratibu. Tangu siku hiyo alama nafuta kwa maji na sabuni tu, na spiriti nimeirudisha kwenye kabati la dawa.

Malalamiko yangu kwenye hizi biti yapo matatu. La kwanza, kwenye akriliki nene hazifai peke yake. Nilipata kazi ya tuzo za milimita 10, na kila ngazi ya hii biti ina kimo cha kama milimita 5, sasa ukiingiza, juu tundu linakuwa namba 10 na chini bado ni namba 8, tundu linakuwa na ngazi ndani kama kikombe. Inabidi ugeuze utoboe na upande wa pili, na usipolenga katikati vizuri unabaki na kipindo katikati kinachoonekana, maana kioo cha plastiki hakifichi kitu. La pili, namba zake ni shufwa tu, 4, 6, 8, 10, mi pini zangu nyingine zinataka 7 na 9. La tatu, ile kubwa ya 32 inayumba. Nimeizungusha hewani nikaiona kabisa ncha inacheza, kwenye akriliki sijathubutu.

Kwa hiyo kwa matundu ambayo biti ya ngazi haiwezi natumia njia ya mzee, na kusema ukweli mzee ameniokoa karibu sawa na hizo elfu 28. Unachukua biti yako ya zamani ya kawaida, unachukua jiwe la kunolea, unapitisha kidogo tu kwenye ule mdomo unaokata, mara mbili tatu, ili ile ndoano iwe bapa kama milimita nusu hivi. Yaani unaiharibu makusudi. Haitauma tena chuma, lakini kwenye akriliki inakwangua badala ya kujivuta. Yeye anaongeza pia kuichonga ncha iwe ndefu kama penseli, biti ya kawaida ncha yake ina pembe ya nyuzi 118, yeye anaibana mpaka kama 60 au 90 ili itokee upande wa pili taratibu, ila hiyo inataka mkono na grainda, mi nilijaribu nikatoa kitu kama msumari. Ya namba 7 na 9 nimezibutusha kwa jiwe, zinafanya kazi, na nimeziandikia kwa peni nyekundu nisije nikazitumia kwenye bati.

Ukubwa wa tundu nao watu wanausahau. Mwanzoni nilikuwa natoboa tundu saizi ileile ya skrubu, linabana vizuri, napendezwa. Kibao kimoja cha sentimita 60 kikafungwa nje upande wa jua la mchana, wiki ya tatu mteja anapiga simu kimepasuka kwenye kona. Akriliki inatanuka sana ikipata joto, mita moja inaongezeka milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja, na ukutani hapa kutoka baridi ya alfajiri mpaka jua la saa nane tofauti inaweza kuwa nyuzi 40, kwa kibao cha 60 hiyo ni zaidi ya milimita moja na nusu, itaenda wapi kama tundu limebana? Sasa hivi natoboa kubwa kuliko skrubu kwa milimita 2, naweka washa ya mpira, nakaza kwa vidole tu. Tundu nalo linakaa mbali na ukingo angalau mara mbili ya upana wake. Na zile skrubu zenye kichwa cha koni usizitumie kabisa, zinaingia kama kabari.

Nikipima kwa ujumla, ile ndogo ya 4 mpaka 12 naipa nyota 5 kwa vibao vya kawaida, ya 20 naipa 4, set nzima naipa 3 na nusu kwa sababu ya ile kubwa. Ukipata inayouzwa moja moja nunua ndogo peke yake, hiyo nyingine utaihitaji mara chache sana. Ila ile ya 32 isije ikasema nimeionea, wiki iliyopita nilitoboa nayo ndoo ya maji ya kunawia pale dukani niweke koki, ngazi ya 22, ikapita safi na haivuji.