Mashine ya kuchomea mabomba ya PPR: miezi minane nikiwa nayo

Niliinunua Gerezani, Kariakoo, kwa elfu sabini na tano, baada ya ukuta wa bafu kulowa kwa mara ya tatu. Fundi niliyekuwa namwita alikuwa anakuja, anapaka gundi ya PVC kwenye maungio, anakunywa chai, anaondoka. Kumbe mabomba yangu ni PPR, plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa moto, na haishiki gundi. Gundi ile hulainisha PVC mpaka vipande viwili vikashikana, ila juu ya PPR inakaa tu kama rangi ya kucha, wiki mbili imeshabanduka.

Ndani ya boksi kuna mashine ya wati 800, stendi yake na vichwa vya milimita 20, 25 na 32, kila saizi dume na jike. Dume linaingia kwenye fitingi (kipande cha kuungia mabomba), jike linameza bomba. Mkasi wa kukatia utanunua mwenyewe, na usiufanyie ubahili. Mimi nilianza na msumeno wa chuma, nikapata mikato ya mshazari yenye manyoya, na ungio la kwanza likavuja palepale upande uliopungua.

Inafanya kazi kwenye nyuzi joto 260, kwa hiyo subiri taa ikuambie imefika. Bomba na fitingi vinaingizwa kwenye vichwa kwa pamoja: sekunde 5 kwa bomba la 20, 7 kwa la 25, 8 kwa la 32. Mwanangu alikuwa ananihesabia kwa simu. Ukivitoa, unavisukuma moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia, halafu unaacha dakika mbili (nne kwa la 32) bila kuchezea. Ungio zuri utalijua kwa pete mbili za plastiki zilizovimba sawasawa mzunguko mzima.

Nilidhani ukizidisha moto ndiyo linashika zaidi. Elbo moja (fitingi ya kona) niliisahau kwenye kichwa nikiongea na simu, ikapita sekunde kumi na kitu. Haikuvuja hata tone, lakini bomba la mvua likawa linatoa maji kama mkojo wa mtoto. Nilipoikata nikakuta plastiki imejiviringisha kwa ndani, tundu lililobaki halipitishi hata penseli.

Adui mwingine ni maji. Geti valvu yangu, ile koki kuu ya kufungia maji, haifungi mpaka mwisho, na bomba likiwa linadondosha huwezi kulichomea, maana maji yanapoza plastiki kabla haijashika. Jirani akaniambia nisokomeze mkate ndani. Nilicheka, nikajaribu. Nyama ya boflo ilizuia maji muda wa kutosha, nikachomea kwa raha. Sikukumbuka kufungua kichujio cha koki ya jikoni, kwa hiyo kesho yake niliamkia kuchokonoa uji wa mkate kwa kibanio cha nywele.

Malalamiko ninayo. Waya ni mfupi, bila ekstensheni bafuni hufiki. Ngozi ya teflon kwenye kichwa cha 20 ilikwanguka nilipoisafisha kwa kisu (kosa langu, inatakiwa kupangusa kwa kitambaa cha pamba ikiwa bado ya moto), na sasa plastiki inanata pale. Tena haikusaidii kitu kwenye fitingi zenye nyuzi za shaba, zile za kukaza kwa kuzungusha. Huko ni tepu nyeupe, kuizungushia kwa kufuata mkono wa saa, na mikono yenye nguvu. Mvujo pekee uliobaki nyumbani kwangu uko hapo, chini ya sinki, na nimeuwekea kopo.

Kama una ungio moja tu la kurekebisha, kodi mashine kwa fundi. Ukiwa unajenga, au una nyumba ya wapangaji, nunua. Na ukishamaliza usiwahi plasta: jaza maji, washa pampu, kesha nayo. Maji ya tangi peke yake yana presha ndogo, ungio bovu linaweza kutulia miezi mpaka siku ya pampu.

Ukuta wa bafu umekauka, juzi nimeupaka rangi. Mashine yenyewe iko kwa yule jirani wa mkate, wiki ya tatu sasa.