Edita ya kuandikia Verilog na VHDL: ipi uchukue kama laptopu yako ni ya mtumba

Verilog na VHDL ni lugha za kuelezea saketi za kidijitali, na karibu edita zote (programu za kuandikia msimbo) nitakazozitaja hapa ni za bure. Kinachokutoka ni bando la kupakulia na RAM ya kuziendeshea, na vyote viwili vinauma, khasa kwa kijana wa chuo Tunguu aliyejinunulia laptopu ya mtumba Darajani, RAM GB 4, betri haimalizi hata robo saa.

Nimezipanga kwa vigezo vitatu. Rangi za maandishi hazimo, kwani siku hizi kila edita inatia rangi. La kwanza nalotazama: inakupunguzia kazi ya kuunganisha poti? Moduli moja, yaani kipande kimoja cha saketi, inaweza kuwa na poti thelathini (milango ya kuingizia na kutolea ishara), na kila ukiitumia mahali unaziandika zote upya. La pili, inaweza kuita kikaguzi, yaani programu ya kutafuta makosa, huku unaandika? La tatu, umeme ukikatika ghafla unabakiwa na nini?

Hilo la pili wengi hulidharau. Verilog ina tabia moja mbaya sana: ukikosea jina la waya unapounganisha poti, ukaandika `data_n` badala ya `data_in`, kwa kawaida haikugombezi. Inakuundia kimyakimya waya mpya wa biti moja uitwao `data_n`, na poti yako ya biti nane inaning'inia na waya usiotoka popote. Ukija kuliendesha jaribio unaona `z` (waya usio na ishara) na `x` (thamani isiyojulikana) zimejaa, unakesha ukitafuta kosa kwenye mantiki, na huko halipo. Dawa yake ni kuandika `` `default_nettype none `` juu ya kila faili, kisha kuweka Verilator, nayo ni ya bure, na kuiita hivi: `verilator --lint-only -Wall`. Hiyo hiyo itakuonyesha pale uliposahau `else` ndani ya `always @*` ukajizalishia lachi (saketi inayoshikilia thamani ya zamani) usiyoiomba. Upande wa VHDL kuna GHDL. Edita isiyojua kuviita vikaguzi hivi naishusha daraja, hata iwe nzuri vipi machoni.

1. Emacs

Najua nitazomewa. Sura yake ya kizee, na wiki za mwanzo vidole vinachoka kwa Ctrl kila saa. Lakini ukishaipakua mara moja, `verilog-mode` na `vhdl-mode` zimo humo humo ndani, hudaiwi bando jengine. Na kwenye kuunganisha poti sijaona cha bure kinachoifikia. Tuseme una moduli ya kuhesabu iitwayo `kihesabu`. Unaandika mstari mmoja tu:

```
kihesabu h1 (/*AUTOINST*/);
```

Bonyeza Ctrl-c, halafu Ctrl-a. Emacs inakwenda kulisoma faili la `kihesabu.v` lililomo kwenye folda ile ile, na mstari unageuka:

```
kihesabu h1 (/*AUTOINST*/
             // Outputs
             .idadi (idadi[7:0]),
             // Inputs
             .clk   (clk),
             .rst   (rst));
```

Kesho ukiongeza poti kwenye `kihesabu`, unabonyeza tena na kila kitu kinajipanga. `AUTOWIRE` nayo inakutangazia nyaya za kati ambazo ungezisahau. Zaidi ya hayo, kinachobaki ni Verilog ya kawaida: mwenzako asiyeijua Emacs anaisoma na kuikusanya bila ya tabu yoyote. Kwa VHDL unanakili poti za entity moja (ndiyo moduli ya huko), ukazibandika kama component, au ukapata mifupa ya testibenchi nzima, faili la kuijaribia saketi.

Umeme ukikatika, Emacs huwa imeshaweka nakala pembeni yenye alama ya `#` mwanzo na mwisho wa jina. Unairudisha kwa amri ya `recover-file`.

2. VS Code

Kama laptopu yako ina GB 8 au zaidi, hii ipande nafasi ya kwanza wala sitabishana nawe. Microsoft wameitoa tangu 2015, kila mtu anaijua, na mwalimu wako pengine anaitumia. Ipakie kiendelezi cha TerosHDL: kinakuchorea mchoro wa mashine ya hali (saketi inayohama kutoka hali moja hadi nyengine) kutoka kwenye msimbo wako, jambo ambalo mwanafunzi anayehangaika na `case` yenye hali kumi atalishukuru. Vipo pia viendelezi vinavyoita Verilator au Icarus (programu nyengine ya bure ya Verilog) kila unapohifadhi faili na kukupigia mstari mwekundu chini ya kosa.

Ubaya wake ni uzito. Imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake mna kivinjari kizima. Fungua Vivado, programu ya kujengea saketi za FPGA (chipu unayoweza kuipanga upya), pembeni kwenye GB 4, uone mashine inavyokwama. Kwa upande wa bando kuna njia: mmoja apakue viendelezi kama mafaili ya `.vsix`, muvigawane kwa flashi. Hata aliyeko Chake Chake atavipata mtu akivuka na boti.

3. Vim

Ndogo sana na inakwenda hata ndani ya dirisha la amri, kwa hivyo ukiingia kwenye seva ya mbali kwa mtandao dhaifu ndiyo itakayokufaa. Uzuri wake kwetu ni safu: Ctrl-v unachagua nguzo ya sufuri nyingi, kisha `g` na Ctrl-a, zinageuka 1, 2, 3, 4 hadi chini. Ukipangia bodi ya FPGA pini thelathini na mbili, utaelewa nasifia nini. Faili lake la `.swp` ndilo linalookoa kazi umeme ukienda. Muunganisho wa poti unahitaji nyongeza. Jambo jengine: marehemu Bram Moolenaar aliyeiandika hakutaka malipo, aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda.

4. Notepad++

Windows tu. Inawaka haraka hata kwenye mashine iliyochoka, inazijua rangi za Verilog na VHDL tangu ulipoiweka, inahariri kwa nguzo ukishikilia Alt, na inajihifadhia nakala kila baada ya sekunde chache. Ila haijui moduli ni nini. Kwa zoezi la muhula wa kwanza inatosha.

Zilizobaki sizipi namba. Sublime Text ni nyepesi na ya haraka, lakini leseni yake ni dola 99. Unaweza kuijaribu bila ya kikomo ukivumilia kukumbushwa kila mara. Kwa kazi hii haikupi cha kuzidi Vim. Sigasi ya Ubelgiji inauelewa msimbo wako hasa na kukushika kosa kabla hujamaliza mstari; ikubali pale mwajiri anapolipa leseni. Edita iliyomo ndani ya Vivado itumie kwa marekebisho ya mstari mmoja tu.

Ukishachagua, ingia kwenye mipangilio ya Vivado, sehemu ya Text Editor, uitaje edita yako, ili ukibofya kosa faili lifunguke huko kwenye mstari wenyewe. Na uiambie edita iweke nafasi badala ya tabu, la sivyo poti ulizozipanga vizuri zitakuwa shaghalabaghala kwenye mashine ya mwenzako.