Kikaragosi au sanamu: kipi huonyesha vyema yaliyo moyoni?
Swali hili hurudi kila mara hapa Lubumbashi. Sanamu ya mti ya Waluba, kabila la hapa Kongo, inayoonyesha mwanamke aliyeweka mikono juu ya matiti kuashiria kwamba anatunza siri za ufalme, husema mengi kwa kutulia kwake, na mtazamaji anaweza kuirudia miaka na miaka. Lakini huhitaji mchongaji stadi, tena ilindwe dhidi ya mchwa. Kikaragosi cha vitambaa ni nafuu, ingawa huchakaa upesi na bila mkono wa mtu hulala kimya. Kikiinamisha kichwa polepole, hata mtoto huona majuto yakizaliwa. Anayewasaidia watoto waliofiwa achukue kikaragosi. Anayeomboleza peke yake, nadhani sanamu itamfaa zaidi.