Kingdom of Heaven: tafuteni toleo refu, kwa ajili ya mfalme

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii katika kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, na mtafsiri wetu, ambaye hakujua kunyamaza, alizungumza juu ya kila kimya chake hadi nikatoka nikikumbuka mapanga na farasi tu. Mwezi uliopita nimeitazama tena nyumbani, kwa sauti yake halisi na katika toleo refu la mwongozaji Ridley Scott, lenye zaidi ya saa tatu, nikagundua kwamba niliyemkosa siku ile ni mfalme.

Filamu hii ya 2005 inasimulia miaka ya mwisho ya utawala wa Wanamsalaba, wapiganaji Wakristo kutoka Ulaya, mjini Yerusalemu. Mhusika mkuu ni Balian, mhunzi kutoka Ufaransa anayeigizwa na Orlando Bloom, lakini aliyenishika mimi ni Baldwin wa Nne, mfalme mwenye ukoma, ambaye Edward Norton anamwigiza akiwa amefunikwa uso kwa barakoa ya fedha. Mwigizaji aliyenyimwa uso hubakiwa na macho, mikono na sauti, naye Norton anavitumia kwa ubahili mkubwa, akizungumza polepole kama mtu anayejua idadi ya pumzi alizobakiwa nazo.

Onyesho la Kerak, ngome ya Wanamsalaba, nimelirudia mara tatu. Mfalme, ambaye hawezi hata kukaa vizuri juu ya farasi, anakwenda kukutana na Salahuddin, sultani wa Waislamu, katikati ya majeshi mawili, anamsihi arudi Damascus, na anaahidi kwamba Reynald, kabaila wa Wanamsalaba aliyeshambulia misafara ya Waislamu, ataadhibiwa. Salahuddin, anayeigizwa kwa heshima kubwa na Ghassan Massoud wa Syria, anakubali, kisha anasema atamletea matabibu wake. Baada ya hapo Baldwin anavua glavu, anamlazimisha Reynald aubusu mkono ulioliwa na maradhi, na kumchapa kwa kiboko hadi yeye mwenyewe anaanguka. Wapiganaji waliokuwa wakidai kwamba Mungu anataka vita wanabaki wakitazama.

Hata hivyo, nina lalamiko. Waandaaji wamempunguzia mfalme huyu imani yake, wakamfanya mpenda amani wa zama zetu. Baldwin wa historia alitawazwa mwaka 1174 akiwa na umri wa miaka 13, na mwaka 1177 alimshinda Salahuddin huko Montgisard akiwa na masalia yaliyoaminiwa kuwa ya Msalaba wa Yesu mbele ya jeshi lake. Mapatano ya 1180 ya kusimamisha vita na Salahuddin aliyafanya wakati nchi imekumbwa na ukame, na bado alipigana tena baadaye. Mtu aliyesali na kupigana kwa moyo uleule angekuwa na mgongano mzito zaidi kuliko huyu wa filamu, ambaye vita vyake vimebaki kumbukumbu ya ujana. Barakoa nayo ni ubunifu wa filamu, ingawa hiyo naisamehe kwa furaha.

Toleo fupi lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema silipendekezi. Limemwondoa kabisa mtoto wa Sibylla, dada wa mfalme, anayerithi kiti cha mjomba wake na, katika filamu, kugundulika kuwa na ukoma uleule. Bila yeye, huzuni ya mama huyo inaonekana kama kichaa kisicho na sababu. Kuzingirwa kwa Yerusalemu mwaka 1187 kumepigwa picha kwa ustadi mkubwa, lakini kwangu filamu ilikuwa imekwisha kupoa tangu mfalme alipozikwa.

Jambo moja la vitendo: sauti ya Norton hutoka chini ya barakoa ikiwa nzito na ya chini, kwa hiyo spika za simu zitawapotezea nusu ya maneno yake. Tumieni vipokea sauti vya masikioni, na watoto wadogo wawe wamekwisha kulala, kwa kuwa damu ni nyingi.