Begi la turubai la kukunja mdomo: uzoefu wangu nikipaki kwenda kisiwani

Hili begi nililinunua kwa ajili ya safari ya kisiwani, vile visiwa vya joto ambako kipande cha mwisho cha safari lazima upande boti ndogo, na kabla sijaanza kulisifia niseme kabisa sio begi la kubebea nguo zote. Ni begi la kuzuia maji yasiingie ndani, la lita 20, turubai gumu la PVC (aina ya plastiki), halina zipu hata moja, mdomo unaukunja kama mara tatu au nne kisha unabana klipu za pembeni, basi. Hizo lita 20 wanapima kabla hujakunja, ukishakunja nafasi inapungua vizuri tu, kwahiyo ukiona unahitaji lita 20 kamili chukua kubwa zaidi.

Kwanini nisitumie mifuko ya plastiki ya kawaida? Inapasuka, halafu visiwa vingine vimeipiga marufuku hata kuingia nayo. Na begi la matairi nalo kwenye boti ni mateso, mawimbi yanarusha maji kutoka mbele, chini ya boti maji yapo muda wote, mabegi yanarundikwa humo humo, na kama hamna gati unashukia kwenye maji ya magoti umebeba mzigo kichwani. Chumvi ikiingia kwenye zipu baada ya muda inagoma kabisa. Hapo ndo hili begi lilinifurahisha, lilikaa chini ya mabegi ya watu wengine, limelowa nje chapachapa, kufungua ndani kukavu kabisa, hata karatasi za hoteli hazijajikunja.

Ila msiamini tu maandishi ya kwenye lebo. Likifika, weka tishu ndani, funga, lizamishe kwenye beseni ulibane na kitu kizito, ondoka ukafanye mambo yako, rudi uangalie tishu. Ukiona mapovu yanatoka sehemu ya mshono rudisha begi siku hiyo hiyo. Langu lilipita, lakini elewa kwamba haya ya kukunja mdomo ni ya kurushiwa maji na kuanguka majini kidogo, sio ya kupiga nalo mbizi, ukilizamisha na kukaa nalo chini maji yatatafuta njia kwenye mikunjo. Ukiacha hewa kidogo ndani linaelea, na hiyo mi naona ni faida kubwa kuliko hata kuzuia maji, maana begi lililozama ndo limeenda hilo.

Nilichopaki humo ni vile vitu ambavyo vikilowa safari imeharibika: pasipoti, dawa, kamera, chaja, nguo pea moja ya kubadilisha, na pawabenki. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, lazima uingie nayo mwenyewe, na mashirika mengi ya ndege mwisho ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) bila kuomba ruhusa (ya mAh 20,000 inakuja kama Wh 74 hivi, kwahiyo hamna shida). Ndo maana hili begi nilipanda nalo ndani ya ndege. Hapa kuna kitu hakuna anayekwambia, ukiwa angani usilifunge. Hewa ndani ya ndege inapunguzwa mgandamizo, inakua kama uko juu ya mlima wa mita 2,000 na kitu, kwahiyo begi lililofungwa linavimba kama puto na mishono inavutika bure.

Kwa sababu hiyo hiyo chupa za losheni zinavuja. Mimi ya dawa ya mbu ilivuja kidogo, ilikua na DEET (kemikali ya kufukuza mbu), na DEET inakula plastiki aisee, kile kidirisha cha begi cha kuonea vitu ndani kimebaki na ukungu usiotoka hata ukisugua. Nguo za kuogelea zenye spandeksi (kile kitambaa kinachovutika) nazo inaziharibu. Iweke kwenye kimfuko chake peke yake, mbali. Na ukishafika, losheni ya jua inatangulia ikauke, dawa ya mbu juu yake, sio kinyume. Tena losheni yenyewe soma nyuma ya chupa kabla hujanunua, visiwa vya Palau huko Pasifiki tangu 2020 wanakataza zenye oksibenzoni na oktinoksati (kemikali za kuzuia jua) kwasababu zinadhuru matumbawe, na Hawaii tangu 2021 hawaruhusu kuziuza, sasa unafika na chupa kubwa mpya halafu inaishia kwenye pipa.

Tukija kwenye lawama, kubwa ni hii: begi linalozuia maji kuingia linazuia pia maji kutoka. Kisiwani hewa yenyewe imejaa unyevu, ukitupia humo taulo bichi asubuhi, likakaa juani, jioni ukifungua harufu inakupokea. Vitu vibichi tafuta mfuko wa wavu unaopitisha hewa, humu ni vikavu tu, na usiku uliache wazi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya nilikua natupa, sasa naviweka kwenye kona ya kamera.

Lakini hiyo hiyo tabia ya kutopitisha hewa imenisaidia kwa kamera. Ukitoka chumba chenye eisi ukaingia kwenye joto la nje, lenzi inafunga ukungu papo hapo na unaweza kukosa picha zote za asubuhi. Sasa naifungia kamera ndani ya begi nikiwa bado chumbani, natoka nalo, naliacha hadi kamera ipate joto la nje taratibu, ndo nafungua. Lenzi safi kabisa.

Mkanda ni mmoja tu wa begani na unakata bega ukitembea mchangani na mzigo umejaa, wangeweka miwili kama begi la mgongoni. Turubai jipya linanuka, lianike siku kadhaa kabla ya safari. Rangi nilichukua ya chungwa na nawashauri rangi kali au nyepesi, nyeusi inapika vitu juani na ikidondoka majini jioni huioni. Ukirudi suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwenye klipu, likauke wazi kivulini.

Hili begi nalipa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya huo mkanda.