Uzoefu wangu na masomo ya kupanda farasi upande wa Karen, Nairobi: kilichonifunza zaidi ni ile chai

Wiki hii pekee nimeulizwa na watu watatu kama haya masomo ya farasi yana maana ama ni pesa ya kutupa, basi wacha niandike yote mara moja nisirudie rudie.

Nililipa shilingi 28,000 kwa masomo 8, kila Jumamosi asubuhi, kwa banda moja liko kati ya Karen na Ngong, unashukia barabarani na matatu namba 111 alafu unamalizia na boda. Hiyo bei ina helmeti, farasi, mwalimu na chai. Chai waliiandika mwisho kabisa kwenye karatasi yao, kamstari kamoja tu, na mimi nikaipita hivo hivo bila kuifikiria, kumbe ndio nitakuja kuiandikia kuliko vitu vingine vyote.

Lakini mjue kwanza nimetoka wapi. Mwaka jana nilianzia banda lingine, na mwalimu wa pale alijua kazi, sikatai, ila unafika, unapandishwa, unapigiwa kelele visigino chini visigino chini kwa dakika 45, unashuka, mwingine anapanda. Hakuna mtu anaongea na mwenzake, wanafunzi tunapishana getini kama watu wa foleni ya benki. Farasi niliyekuwa nampanda sikuwahi hata kuambiwa jina lake. Siku moja akasimama katikati ya uwanja akakataa kusonga, nikauliza ni nini amesimama, nikaambiwa wewe mpige tu. Nikampiga na kile kijiti. Mpaka leo hiyo siku inaniuma, juu nilijua kuna kitu anasema na mimi sikuwa na mtu wa kuniambia ni nini. Sikurudi tena, na pesa ya masomo yaliyobaki haikurudi pia.

Sasa huku kwingine, masomo mawili ya kwanza hupandi kabisa. Unakuwa chini, miguu kwa vumbi, na farasi na kamba. Nilipewa Simsim, jike wa kijivu mwenye vidoadoa, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumrudisha nyuma hatua moja. Hatua moja tu! Nikashika kamba nikavuta, akanivuta na yeye, na mnyama wa karibu kilo 450 hamshindani. Mzee ambaye ndiye saisi wa pale, yaani mtunza farasi, amefanya hii kazi miaka zaidi ya 40, akaja polepole akaniambia, mama, shika na vidole viwili. Bonyeza kidogo, alafu ngoja. Nikangoja. Simsim akaegemeza uzito nyuma kidogo tu, ukwato mmoja ukainuka kama nusu inchi, na mzee akasema achilia! Nikaachilia. Akarudi nyuma mwenyewe hatua nzima, akashusha kichwa akaanza kulamba midomo. Hapo ndio nilielewa ile kitu, kwamba farasi hajifunzi wakati unabonyeza, anajifunza wakati unaachilia, na ukichelewa kuachilia hata sekunde chache unakuwa umemfunza kitu kingine kabisa ambacho hukukusudia.

Somo likiisha tunaenda kukaa pale kwa ua, kuna ubao mrefu umewekwa juu ya mawe, sufuria ya chai, mandazi kwa beseni. Tulikuwa sita hiyo Jumamosi ya kwanza. Kijana wa kompyuta kutoka Rongai, mama wa Lang'ata na binti yake wa miaka 12, daktari wa meno, baba mmoja amestaafu, na mimi. Hatujuani, kila mtu ameinamia simu. Mwalimu akasimama akauliza mna maswali? Kimya. Akauliza tena, kimya, akaenda zake. Na maswali tulikuwa nayo jamani, mimi nilikuwa na kama kumi, lakini ukiulizwa hivo mbele ya watu usiowajua unaogopa swali lako litaonekana la kijinga.

Mzee akageuza ndoo akaikalia, akajimiminia chai, alafu akauliza kama mtu anaongea na chai yake: nani ameona sikio la Simsim la kushoto leo?

Ndio ilianza hapo. Binti wa miaka 12 akasema ameliona, lilikuwa limeangalia nyuma. Kijana wa Rongai akasema hapana, lilikuwa linazunguka zunguka. Mimi ndio nilikuwa na Simsim na sikuwa nimeona sikio lolote, nilikuwa naangalia kamba, na nikasema hivo hivo, na daktari akasema hata yeye alikuwa anaangalia kamba yake tu. Mstaafu akacheka akasema yeye alikuwa anaangalia kwato asikanyagwe. Mzee akatuachia tubishane wee, alafu ndio akatuelezea taratibu kwamba masikio ya farasi kila moja linageuka peke yake, moja linaweza kuwa kwako na lingine kwa barabara, na farasi akikupa sikio moja amekupa nusu ya akili yake. Yakilala nyuma yote mawili yakashikana na shingo, toka hapo, amekasirika. Sikio la Simsim la kushoto lilikuwa kwangu wakati wote, la kulia lilikuwa kwa mtu anakata nyasi huko nje. Kwa hivo alikuwa ananisikiza. Mimi ndio sikujua.

Nimefikiria sana kwa nini hilo swali lilifungua watu na lile la mna maswali halikufungua. Naona ni juu halikuuliza unajua nini, liliuliza umeona nini. Kuona kila mtu ameona kitu, hata kama ni kidogo, hata mtoto, na mtoto ndio alikuwa ameona zaidi yetu wote. Na lilikuwa swali la farasi mmoja, sikio moja, leo. Mngesema tuongee kuhusu tabia za farasi nani angefungua mdomo?

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ana swali moja. Ni nani amezaliwa mweupe hapa bandani? Tukamwonyesha Simsim na mwingine ambaye ni mweupe kabisa, akakataa, akasema hao wote wamezaliwa weusi au kahawia na wanazidi kuwa weupe wakizeeka, farasi wengi unaoita weupe ni wa kijivu tu ambao wameenda miaka, angalia ngozi ya puani utaona ni nyeusi. Tukaacha chai tukaenda kuangalia pua. Siku nyingine akauliza farasi analala saa ngapi, mama wa Lang'ata akasema analala amesimama, mstaafu akasema lazima alale chini, wakabishana mpaka chai ikapoa, na wote walikuwa sawa, juu anasinzia amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga asianguke, lakini ule usingizi mzito kabisa ni lazima alale chini, na halali chini mahali hajisikii salama. Mstaafu siku hizi ndio hufika wa kwanza, anapita kwanza kuangalia nani ana majani kwa mgongo ndio ajue nani amelala vizuri.

Hiyo ya daktari wa meno ndio siwezi kuisahau. Yeye ni mtu wa kunyamaza, lakini siku moja mzee aliuliza farasi anajuaje una hofu, na daktari akaweka kikombe chini akatuambia hadithi ya farasi wa Berlin anayeitwa Hans, miaka ya mwanzo ya 1900. Mwenye huyo farasi alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, Wilhelm von Osten, na alimfunza Hans kujibu hesabu kwa kugonga ukwato. Unamwuliza tatu na nne, anagonga saba. Watu walijaa kumwona, mpaka mwaka 1904 wataalamu wakaitwa kuchunguza na hawakupata ujanja wowote. Mtafiti mmoja, Oskar Pfungst, ndio alipata siri, akaichapisha kwa kitabu 1907. Kama anayeuliza mwenyewe hajui jibu, Hans anakosea. Kama Hans hawezi kumwona anayeuliza, anakosea. Kumbe mtu akiuliza anakaza mwili kidogo, Hans akifika nambari sawa mtu analegea bila kujua, kichwa kinasonga kitu kidogo sana, na Hans anaacha kugonga. Hesabu hakuwa anajua. Alikuwa anajua watu.

Tulinyamaza wote. Alafu mzee akasema, sasa fikirieni Simsim anajua nini kuhusu nyinyi.

Somo lililofuata nilikuwa ndio naanza troti, ile mbio ndogo ya farasi, na nilikuwa naogopa, mikono imekufa kwa hatamu, na Simsim alikuwa anaenda kichwa juu mgongo mgumu kama meza. Nikakumbuka Hans. Nikatoa pumzi yote, ndefu, mpaka mabega yakashuka. Sikumvuta, sikumwambia kitu. Shingo ikashuka, akapiga pumzi na yeye kwa pua, prrrr, na mgongo ukalegea chini yangu, nikausikia kwa tandiko. Nilitokwa na machozi kidogo, nasema ukweli. Na nikamkumbuka yule farasi wa mwaka jana ambaye pengine alisimama juu mimi nilikuwa nimeshika pumzi.

Kitu kingine ambacho singejua bila hiyo chai ni vile mji huu una historia ya farasi. Mzee alianza ujana wake na farasi wa mbio, akiamka saa kumi usiku, huko uwanja wa Ngong Road ambao ulifunguliwa 1954, kabla ya hapo mbio zilikuwa Eastleigh. Mimi nimepita hapo na matatu miaka yote nikijua ni mahali pa gofu. Kijana wa Rongai akatuletea habari za Beryl Markham aliyekulia Njoro, mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kufunza farasi wa mbio hapa Kenya, ambaye baadaye 1936 alivuka Atlantiki peke yake na ndege. Binti wa mama Lang'ata alifurahi sana kusikia hiyo. Mzee naye akasema, huyo ameandikwa, na ni vizuri, lakini kila farasi aliyeshinda alikuwa na saisi aliyemlisha na kumkanda miguu, na hao nani ameandika? Nimeuliza mwalimu kama tunaweza kumrekodi mzee akiongea, amesema ataangalia. Naomba asisahau.

Malalamiko ninayo. Walianza kutuchukua watu sita, siku hizi tunafika tisa na farasi hawajaongezeka, kwa hivo kuna wakati unangoja zamu jua limekukalia kichwani. Helmeti ni chache na zingine kamba zimechoka, hiyo ni ya usalama na wanafaa kurekebisha kesho si mwezi ujao. Na Jumamosi mbili zilizopita kundi la pili lilifika mapema tukaambiwa tunywe chai haraka tupishe, hatukukaa hata dakika tano, na mimi naona hapo ndio wanakosea kabisa, juu wanafikiri wanauza saa moja ya kupanda na chai ni ya adabu tu. Nimewaambia kwa heshima. Mzee pia walipe vizuri, hilo nimeliongeza bila kuulizwa.

Kama unaenda, vaa kiatu kimefunika vidole na kina kisigino kidogo, si raba flati, mguu unateleza kwa vikuku vya tandiko, vile vya kukanyagia. Suruali ndefu. Usijipulizie marashi mengi. Farasi usimkaribie kutoka nyuma kabisa ya mkia, macho yake yako pembeni anaona karibu pande zote lakini hapo nyuma haoni, wala hapo mbele kabisa ya paji la uso, kwa hivo mpitie begani na uongee ukija. Karoti uliza kwanza kabla ya kumpa. Na ukimaliza somo usikimbilie boda.

Mimi nimeshalipa masomo mengine 8. Kuna swali mzee alituachia Jumamosi na hatujalimaliza: kwa nini Simsim anakataa kupita kando ya bomba la maji asubuhi lakini jioni anapita bila shida? Mstaafu anasema ni sauti ya maji. Binti anasema asubuhi jua linapiga lile dimbwi na linameta, na macho ya farasi yanachelewa kuzoea mwanga ukibadilika. Mimi nilikuwa na upande wa mstaafu lakini nimeanza kuyumba. Jumamosi nitafika mapema, nifunge maji kabisa, alafu nimpitishe hapo nikiangalia masikio.